Maswali ya Studio: Besi Ikae Katikati au Itandazwe?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Jinja. Nimetengeneza wimbo ambao besi yake inazunguka kwenye noti tatu tu: G, C na D. Nilitaka besi iwe pana, kwa hiyo niliinakili, nakala moja nikaipeleka kushoto na nyingine kulia, kisha ile ya kulia nikaichelewesha kwa milisekunde 10. Kwenye hedifoni ilinizingira kichwa kizima. Wimbo ulipopigwa katika baa moja hapa mjini, besi ilikuwa ikija na kupotea, na noti ya G ndiyo iliyopotea zaidi. Je, mitambo yao ni mibovu? Na besi inapaswa kuwa mono (sauti ileile pande zote mbili) au stirio (kushoto na kulia tofauti)?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yangu wa Jinja, usiwalaumu wenye baa, kwa maana maelezo yako mwenyewe yanatosha kuonyesha kilichotokea. Noti ya G ya chini hutetema mara 49 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wake mmoja huchukua takriban milisekunde 20. Ulipoichelewesha nakala ya kulia kwa milisekunde 10, uliichelewesha kwa nusu ya mtetemo, na tangu hapo kila wimbi la kushoto linapopanda, la kulia linashuka. Kwenye hedifoni hakuna ugomvi wowote, kwa sababu kila sikio lina spika yake na mawimbi hayo hayakutani. Baa na kumbi nyingi, hata hivyo, huunganisha chaneli mbili kuwa moja ili mteja aliyeketi pembeni asikie sawa na aliyeketi katikati, na kupanda kukijumlishwa na kushuka kunakolingana nako, kinachobaki ni karibu na sifuri.

Tazama sasa noti zako nyingine mbili. C ya chini, yenye hezi 65, yaani mitetemo 65 kwa sekunde, kwa ucheleweshaji huohuo hubaki na chini kidogo ya nusu ya ukubwa wake, na D, yenye hezi 73, hubaki na kama theluthi mbili. Hesabu hiyo inaoana kabisa na ulichokisikia pale baa: besi haikupungua kwa usawa, bali kila noti ilipungua kwa kiasi chake. Ndiyo maana kuipandisha sauti ya besi kwenye miksi hakutakusaidia, kwa kuwa C na D zitavuma kupita kiasi huku G ikiendelea kukosekana.

Kuhusu mono au stirio, msimamo wangu ni kwamba sehemu ya chini kabisa ya besi, tuseme chini ya hezi 120 hivi, iwe mono, na upana utafutwe juu ya hapo. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, ilhali masikio yetu yametenganishwa na kichwa kisichofika hata robo ya mita, kwa hiyo ndani ya chumba ni vigumu mno kwa msikilizaji kutambua kama mlio wa chini namna hiyo unatoka kushoto au kulia. Upana unaoulipia kwa kuhatarisha wimbo wako, msikilizaji wa ukumbini haupati. Zaidi ya hayo, besi ndiyo inayokula nguvu nyingi za amplifaya, na ikikaa katikati spika zote mbili hugawana kazi, lakini ukiiegemeza upande mmoja, spika moja inahema na nyingine inapumzika.

Wazee wa sahani za santuri walilijua jambo hili kwa sababu nyingine. Katika mfumo ambao Mwingereza Alan Blumlein aliuombea hataza mwaka 1931, na ambao baadaye ndio uliotumika kwenye santuri za stirio, mlio ulio sawa kwenye chaneli zote mbili huisogeza sindano kulia na kushoto, na tofauti kati ya chaneli huisogeza juu na chini. Besi zilizopingana zingeirusha sindano nje ya mfereji wake, kwa hiyo mafundi waliikusanya katikati kabla ya kuchonga. Sindano hatunayo tena katika kazi zetu nyingi, lakini redio tunayo. Stesheni ya FM hurusha jumla ya kushoto na kulia kama sauti ya msingi, na tofauti yake huibeba kando. Gari linaposhuka bondeni kwenye barabara ya Masaka na mawimbi yakadhoofika, redio nyingi huiacha ile tofauti na kubaki na jumla peke yake. Hapo wimbo wako utapigwa kwa mono bila mtu yeyote kukuomba ruhusa, sawa na unavyopigwa kwenye simu yenye spika moja au kwenye zile spika za sokoni ambazo Waganda huziita bizindaalo.

Fanya hivi. Uondoe ucheleweshaji wote kwenye besi, kisha utengeneze nakala mbili za mstari huohuo. Ya kwanza iwekee kichujio kinachobakiza yaliyo chini ya hezi 120 na uiache katikati kabisa. Ya pili ikate chini ya hapo, uipe korasi kidogo, yaani ile athari ya kuunenepesha mlio, au uitandaze upendavyo, maana huko ndiko uliko mkwaruzo wa vidole kwenye nyuzi na mitetemo ya juu, ambayo pia ndiyo pekee inayosikika kwenye simu. Vichujio navyo husogeza mawimbi mahali vinapokutana, kwa hiyo jaribu kuigeuza awamu ya nakala moja, yaani kupanda kwa wimbi lake kuwe kushuka, na uchague hali ile ambayo besi inasikika imeshiba zaidi. Mwisho, bonyeza kitufe cha mono, punguza sauti mpaka uweze kuongea na jirani yako bila kuipaza, na usikilize wimbo mzima. Mimi mwenyewe nilianza desturi hiyo baada ya besi yangu kutoweka chini ya hema la harusi huko Mukono, mbele ya bibi harusi aliyeusubiri wimbo huo kwa miezi, na tangu siku hiyo sijatoa kazi yoyote bila kuisikiliza kwa mono.

SWALI: Tulirekodi embaire, marimba yetu makubwa ya Busoga, kijijini kwa maikrofoni mbili, moja kila mwisho. Vibao vikubwa vinasikika vyembamba tukiunganisha chaneli. Tukosoe.
Kikundi cha muziki, Kamuli

JIBU: Tatizo ni lilelile, ila hapa ucheleweshaji umeletwa na umbali. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni moja ikiwa mbali na kibao kuliko mwenzake kwa mita 1.7, sauti huifikia ikiwa imechelewa kwa milisekunde 5, ambazo ni nusu ya mtetemo wa hezi 100. Mara nyingine ziwekeni maikrofoni mbili pamoja juu ya marimba hayo, vichwa vikikaribia kugusana, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia. Ya tatu isogezeni karibu na shimo lililochimbwa chini ya vibao, kwa kuwa humo ndimo uvumi wa chini unamokuzwa, nayo muiweke katikati ya miksi. Rekodi mliyo nayo bado inaokoleka: isogezeni chaneli moja kidogo kidogo kwenye kompyuta hadi pigo la kibao kikubwa lilingane pande zote mbili.

SWALI: Besi ya kinanda changu cha kompyuta inapanda na kushuka yenyewe hata nisipoigusa, hasa kwenye mono. Kwa nini?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Sauti nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa milio kadhaa iliyopishanishwa kidogo na kutandazwa kushoto na kulia. Milio ya hezi 50 na hezi 50.5 ikijumlishwa, huongezeka na kufutana mara moja kila sekunde 2. Punguza milio ibaki mmoja, uteremshe kitufe cha upana hadi sifuri, kisha uusikilize tena ukiwa peke yake pamoja na ngoma.