Maswali ya Wasomaji: Dakika kumi zinatosha kumfundisha mfanyakazi?

Swali: Habari za kazi. Nasimamia wahudumu wa usafi 12 kwenye kituo cha afya. Kila baada ya miezi mitatu tuna semina ya siku nzima, lakini wiki mbili zikipita wanarudia kukadiria jiki kwa macho. Nasikia kuna mafunzo ya dakika kumi kumi. Yanafaa?
*Msimamizi, Tanga*

Jibu: Nzuri, ndugu yetu. Yanafaa, mradi kila somo liwe na jambo moja tu. Wengi huchukua semina ya masaa sita wakaikata vipande 36. Kipande cha saba hakieleweki bila cha sita, na aliyekuwa zamu ya usiku ameshapotea. Chagua kitendo ambacho mtu atakifanya mbele yako, uone kapatia au kakosea.

Tuanze na hiyo jiki. Ikiwa lebo inasema klorini ni 3.5%, na mchanganyiko wa kutakasia damu iliyomwagika ni 0.5%, gawanya upate 7, toa 1: sehemu 6 za maji kwa 1 ya jiki. Hesabu hiyo ni yako wewe. Mhudumu anahitaji kopo: moja la jiki, sita za maji, kwa kopo lilelile. Hapo ndipo panapoharibika, maana jiki hupimwa kwa kifuniko na maji kwa jagi. Chupa ya 5% inataka makopo 9 ya maji. Basi kusoma lebo liwe somo la siku nyingine.

Wafundishe wanne wanne wakati wa kubadilishana zamu. Dakika ya kwanza waulize la jana, bila daftari. Mbili onyesha, ukiwa umevaa glavu. Sita wachanganye wenyewe. Ya mwisho uliza: ukikuta ndoo ya jana, unafanyaje? Anaimwaga, kwa sababu klorini hupungua nguvu.

Halafu rudia kesho yake, siku ya nne, baada ya wiki, na baada ya wiki tatu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, kwa hiyo marudio ya kwanza yasisubiri. Na kurudia si kuhutubia upya: mpe kopo, nyamaza, tazama mikono yake.

Semina msiifute. Kumhudumia mtu aliyeacha kupumua, kwa mfano, kunataka mazoezi marefu.

Swali: Nikiwatumia video kwa WhatsApp je?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Tuma, isizidi dakika 2, ionyeshe mikono tu, maana ndefu inamaliza bando. Ila tiki za bluu hazithibitishi kwamba mtu ameelewa. Mwambie akujibu kwa sauti, sekunde 20: chupa ikiwa ya 5%, makopo mangapi ya maji? Akisema sita, amekariri video tu, lebo hakuisoma.