Mapambo ya mikono sokoni: bei ipangwe nyumbani kabla ya kufika mezani

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba kwa miaka miwili umekuwa ukitengeneza hereni, vidani na bangili, kwamba jamaa na marafiki wamezipenda, na kwamba sasa unataka kukodi meza ama kwenye soko la kazi za mikono ama kwenye gulio la vitu vya kila namna, lakini hujui uanze wapi, ubebe vitu vingapi, wala umjibu nini mteja atakayesema kwamba bei ni kubwa. Nimeuza mapambo yangu kwenye masoko ya aina zote mbili kwa miaka tisa. Nitaanza na hilo la bei, ingawa wewe umeliweka mwisho, kwa sababu nililichelewesha mimi pia na likanigharimu.

Siku yangu ya kwanza sokoni niliuza jozi 31 za hereni na vidani vinne, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Usiku ule nilifungua daftari, nikatoa gharama ya waya, shanga, kulabu, kodi ya meza, nauli na vifungashio, kisha kilichobaki nikakigawanya kwa saa zote nilizotumia, zile za kutengeneza na zile za kusimama mezani. Kila saa ilikuwa imenilipa kiasi ambacho nisingethubutu kumpa kibarua yeyote. Sababu ilikuwa wazi. Nilikuwa nimepanga bei palepale sokoni, kwa kutupia macho meza za majirani, na kila mteja aliposita, mimi ndiye niliyetangulia kushusha.

Tangu hapo bei zangu hupangwa nyumbani, kalamu mkononi, na zikishaandikwa hazibadiliki mpaka soko liishe. Hesabu yenyewe haina ugumu, ila ina mahali pawili ambapo watengenezaji wengi hujipunja. Pa kwanza ni malighafi. Mtu hupima waya uliobaki kwenye hereni na kusahau vipande vilivyokatwa na kutupwa, au huhesabu shanga zinazoonekana na kuacha gundi, uzi, karatasi ya kung'arishia na kadi ya kutundikia. Pa pili ni kodi ya meza na nauli. Gharama hizo zigawanye kwa idadi ya vitu unavyotarajia kuuza siku hiyo, wala si kwa idadi unayobeba. Ikiwa kodi ya meza ni sawa na bei ya jozi tano za hereni, na kwa kawaida unauza vitu 25, basi kila kitu kinachouzwa kinabeba moja ya tano ya bei ya jozi. Ukigawanya kwa vitu 100 ulivyopanga mezani, utajidanganya kwamba kodi ni ndogo.

Muda nao uhesabiwe kwa haki. Usichukue jozi ya kwanza uliyoitengeneza huku ukijifunza, wala ile moja iliyokwenda haraka kuliko zote. Tengeneza kumi za aina moja, tazama saa mwanzo na mwisho, kisha gawanya kwa kumi. Juu ya malighafi, muda na gharama za soko, ongeza faida itakayonunua madini ya awamu ijayo. Na ikiwa una nia ya kupeleka kazi zako dukani siku moja, kumbuka kwamba mwenye duka anayenunua kwa jumla mara nyingi hulipa karibu nusu ya bei atakayouzia. Bei yako ya mezani isipoacha nafasi hiyo, duka utalikosa, au utalazimika kuuza gulioni kwa bei ya chini kuliko ya duka, jambo ambalo mwenye duka hatakusamehe.

Hesabu ikionyesha bei ambayo unaona haya kuitaja, usiikate. Punguza muda. Hapa ndipo nilipopata faida yangu halisi. Nilikuwa natengeneza jozi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha nyingine, na kila moja ilichukua karibu dakika 40. Nikaanza kukata waya wa jozi 50 kwa mkupuo mmoja, nikapigilia misumari kwenye kibao ili kila pindo litoke na umbo lilelile, nikatenga siku ya kukunja, siku ya kufua waya kwa nyundo na kung'arisha, na siku ya kufunga shanga. Jozi ileile ikashuka hadi dakika 15, mkono ukiwa umetulia zaidi na kazi ikiwa safi zaidi. Vipande vya pekee, vile ninavyovibuni kwa siku tatu, bado ninavitengeneza na ninavipenda kuliko vyote, lakini vina bei yake, na sivilinganishi na hereni za kila siku.

Sasa nije kwenye soko lenyewe. Anayekwenda kwenye gulio la vitu vya kila namna amekwenda kutafuta bahati: kitu cha thamani kwa bei ndogo. Kupatana bei ni sehemu ya raha yake, na jicho lake likitoka kwenye sahani kuukuu na kuangukia hereni zako, linazipima kwa mizani ileile. Anayekwenda kwenye soko la kazi za mikono amekwisha kukubali kwamba kitu cha mkono kina bei yake, ingawa kodi ya meza huko huwa kubwa na waandaaji huchagua watu. Kwa kazi yenye madini ya thamani na saa nyingi, nitakuambia bila kusita uende huko. Lakini kabla ya kulipa, nenda kwanza kama mnunuzi, mara mbili ukiweza. Tazama kama watu wanatoka wameshika mifuko au wanatembea tu. Angalia ni saa ngapi umati unapungua. Hesabu meza za mapambo, na umuulize mwandaaji atakubali wauzaji wangapi wa mapambo. Mimi sikuuliza, na siku moja nilijikuta kwenye mstari mmoja na meza sita za hereni. Nilimlaumu mwandaaji kwa wiki nzima, ilhali swali lilikuwa langu kuuliza.

Hata hivyo, gulio sijaliacha. Ninakwenda huko na vitu vidogo ambavyo muda wake ni mfupi, na ninakwenda na koleo zangu. Watu wana vidani vilivyokatika uzi, bangili zilizopoteza kifungo, hereni zilizobaki upande mmoja. Kufunga upya uzi wa kidani palepale, mwenyewe akitazama, kumeniletea wateja wa kudumu kuliko tangazo lolote. Tena gulio ni mahali pa kupata shanga za zamani na vifungo imara ambavyo leo ni vigumu kuvipata. Uwe mwangalifu tu na shanga zinazofanana na pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1990, na nchi nyingi zinazuia hata uuzaji wa ndani. Usipoweza kuthibitisha shanga hizo ni nini, ziache.

Jambo ambalo ningependa ulishike kwa nguvu kuliko mengine ni kusema kweli kuhusu madini, kwa sababu bei uliyoipanga vizuri itasimama tu pale mteja anapoamini anachoambiwa. Katika mwaka wangu wa pili nilinunua kulabu za hereni kwa bei nafuu kutoka kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ni fedha. Wiki mbili baada ya soko, mama mmoja alirudi na masikio yaliyovimba na kuwasha. Kulabu zile zilikuwa na nikeli. Nilimrudishia pesa zake, nikaondoa kulabu zote za fungu lile, na nikakesha usiku mbili nikibadilisha jozi moja baada ya nyingine. Hasara ya pesa niliisahau, lakini uso wa yule mama sijausahau. Nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha mzio wa ngozi kwa watu wengi zaidi, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kikali kwa vipini vinavyopita kwenye tundu la sikio: visiachie mikrogramu 0.2 au zaidi za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Kwa wenye masikio yanayodhurika upesi, mimi hutumia titani au niobi, na ninaandika hivyo kwenye kadi.

Andika vilevile mengine. Fedha ya 925 ina asilimia 92.5 ya fedha, na sehemu iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Itafanya weusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, na mteja anayeambiwa mapema kwamba aihifadhi kwenye mfuko uliofungwa harudi na malalamiko. Pete za shaba huacha rangi ya kijani kidoleni kwa sababu ya jasho, rangi ambayo huoshwa ikatoka. Liseme kabla hujaulizwa. Kilichopakwa dhahabu kiite kilichopakwa dhahabu. Mawe mengi yauzwayo kama feruzi, lile jiwe la buluu, ni hoalaiti, jiwe jeupe lenye mishipa ambalo hunywa rangi kwa urahisi. Ni jiwe zuri, na unaweza kuliuza kwa jina lake, kwa bei yake.

Kuhusu meza, nitasema machache. Meza za kukodi huwa chini mno, na watu hawainami kutazama hereni, kwa hiyo inua kazi zako kwa masanduku au vibao mpaka zifike karibu na kifua na macho. Uwe na kioo kikubwa kinachosimama chenyewe, na kingine cha mkononi, kwa sababu mtu asiyejiona akiwa ameivaa hereni ni nadra kuinunua. Kila kitu kiwe na bei iliyoandikwa, maana wengi wanaona aibu kuuliza, nao hupita tu. Vitundikio uvifunge au uviwekee uzito, upepo mmoja unaweza kumaliza kazi ya mwezi. Beba mnyororo mfupi wa kurefushia, wa sentimita tano hivi, kwa sababu kidani cha sentimita 45 kinachomkaa mmoja vizuri kinambana mwingine. Pete ziwe za kupanuka mwanzoni, la sivyo utahitaji saizi nyingi kwa kila muundo.

Mteja akisema bei ni kubwa, usimwombe radhi na usimkasirikie. Mimi humwambia imetengenezwaje, nikimwonyesha mshono au kifungo chenyewe, kisha nanyamaza. Mara nyingi huwa na kazi ndogo mkononi, kukunja vikonyo vya waya au kupanga shanga, na mtu anayeona vidole vikifanya kazi huuliza swali tofauti kabisa. Punguzo ninalo moja tu, nalo nililiamua nyumbani: anayechukua vitu viwili au zaidi hupunguziwa asilimia kumi. Asiyeweza bei ya kidani namwonyesha hereni za jiwe lilelile, ambazo nilizitengeneza kwa kumkumbuka yeye. Saa ya mwisho ya soko ndiyo yenye kishawishi kikubwa, kwa kuwa miguu inauma na vitu bado vipo. Ukishusha bei saa hiyo, aliyenunua asubuhi kwa bei kamili atakuona, au atasikia, na mwezi ujao atasubiri jioni.

Wanaotaka kitu cha kuagiza uwaandikie kipimo, madini na tarehe, na upokee nusu ya malipo kabla ya kugusa koleo. Kwa soko lako la kwanza beba takriban mara tatu ya unachotarajia kuuza, miundo isiyozidi minane, hereni zikiwa zaidi ya nusu, lakini usipange vyote mezani kwa pamoja, maana meza iliyosheheni humchosha mtazamaji. Na uwe na daftari. Andika kilichouzwa, saa kilipouzwa, na hasa kile ambacho watu wawili au watatu walikiulizia nawe hukuwa nacho, kwa sababu hicho ndicho utakachokitengeneza Jumatatu.