Usifunge hiyo kahawa! Jino si kipimo cha unyevu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba kahawa yako ya Kibosho, Kilimanjaro, imekaa kichanjani siku sita, ukitafuna punje inavunjika kwa mlio, na kesho unaifunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa ikae hadi Januari, mnunuzi wa kahawa maalumu atakapokuja. Maswali yako ya mbegu na ya kuuza nje ya chama cha ushirika nimeyaona. Hayo yatasubiri.

Hiyo kahawa haijakauka. Pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa ikabaki na ganda lake jembamba, ikitoka kuoshwa inapanda kichanjani na maji asilimia 50 hadi 55, na inatakiwa ishuke hadi 11 hivi. Huko kwetu mlimani, jua likitoka kwa kubahatisha na ukungu ukishuka alasiri, hiyo ni kazi ya siku 10 hadi 14, na vuli ikianza mapema ni zaidi. Siku sita zinakausha ganda na ngozi ya juu ya punje. Kiini bado kina maji.

Jino linadanganya, na sababu yake inajulikana. Punje inapokauka inapita hatua zinazoonekana kwa macho ukiimenya. Mwanzo ni nyeupe. Ikishuka kwenye asilimia 30 na kidogo inakuwa nyeusi laini, ukucha unaacha alama. Inaendelea kukaza, na kati ya 15 na 12 inakuwa nyeusi ngumu. Hapo jino linapata mlio ule ule unaousifia, wakati punje bado ina maji ya kutosha kuota ukungu. Iliyokauka kweli imeacha weusi, ni kijani kinachoelekea bluu, na rangi ni moja kuanzia pembeni hadi kwenye mpasuo wa katikati. Menya punje 20 leo jioni uzipange kwenye karatasi nyeupe. Ukiona zenye kiini cheusi, umeshapata jibu. Jino liachie machalari ya ndizi.

Nami niliambiwa nitumie jino, nikafunga, na magunia sita yakaharibika. Ndiyo maana sina subira na huyo dalali uliyemtaja, anayekuhimiza ufunge haraka kabla bei haijashuka. Yeye analipwa kwa gunia lililopanda gari. Kahawa ikikutwa na ukungu kule mbele, hakuna atakayempigia simu yeye, utapigiwa wewe. Na wale wanaosema "unyevu kidogo unaongeza kilo", tupige hesabu pamoja. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 11 zina kilo 89 za kahawa yenyewe. Kilo 89 hizo hizo zikiwa na unyevu wa 15 zitasoma karibu kilo 105 mzanini. Kwa hiyo unahatarisha gunia zima kwa ajili ya kilo tano za maji, ambazo mnunuzi mwenye kipimo atazikata mlangoni.

Sasa ona kinachotokea ndani ya mfuko. Usiku kukipoa, maji ya kwenye kiini yanatoka nje kidogo kidogo, ndiyo tunayoita kahawa kutoa jasho. Kwenye gunia la katani jasho hilo linapata pa kutokea. Kwenye mfuko usiopitisha hewa linabaki humo humo. Mfuko huo ni mzuri sana kwa kahawa iliyokwisha kukauka, kwa sababu unaifunga ilivyo. Ukiufungia maji, unayatunza maji. Baada ya wiki chache punje zinapauka, zinakuwa na madoa ya unga, na kikombe kinanukia stoo iliyovujiwa. Kuianika upya hakusaidii. Ukungu ukishaacha sumu ya okratoksini A, jua haliiondoi, na kukaanga kunaipunguza tu bila kuimaliza. Umoja wa Ulaya tangu 2023 unaruhusu mikrogramu 3 tu za sumu hiyo kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa, kwa hiyo wanunuzi wa huko hawafanyi mchezo.

Tena wewe unalenga kahawa maalumu, ile inayopewa na waonjaji alama 80 kwenda juu. Katika upangaji wa madaraja uliozoeleka wa SCA, chama cha kimataifa cha kahawa maalumu, sampuli ni gramu 350 za kahawa safi (iliyokobolewa, haijakaangwa), na punje MOJA iliyoshambuliwa na ukungu ni kasoro ya kundi la kwanza. Kundi hilo haliruhusiwi hata kidogo. Umechuma mbivu tupu, umevundika kwa uangalifu, umeosha mara tatu, halafu punje moja inakutoa.

Kanuni yangu ni hii: usifunge mpaka mashine ya kupima unyevu isome asilimia kati ya 10.5 na 11.5, asubuhi, siku mbili mfululizo. Nasema asubuhi kwa sababu saa tisa alasiri ngozi ya juu ni kavu, mashine inasoma chini ya ukweli. Jioni kusanya kahawa yote lundo, funika, iache ilale. Maji ya kiini yatasambaa sawa. Asubuhi chota sehemu tatu: katikati ya kichanja, pembeni, na upande unaopata kivuli cha migomba. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia moja, kahawa yako haikugeuzwa vizuri, rudisha juani. Hakikisha pia mashine imewekwa kwenye alama ya kitu unachopima, pachimenti au kahawa safi. Iliyowekwa kwenye mahindi itakupa namba isiyo na maana. Kama huna, ulizia kwenye mtambo wa kuchakata wa chama chako.

Ukikosa mashine kabisa, msimu ujao tenga kilo 10 za pachimenti siku ya kwanza, maji yakishachuruzika, uzianike kwenye wavu wake pembeni na upime kila asubuhi. Zikiwa bado kilo 6, unyevu umezidi 16. Zikifika kati ya 5.1 na 5.6 ndipo uanze kutafuta wa kukuazima kipimo. Ile njia ya kutikisa punje na chumvi kavu kwenye chupa, uone kama chumvi inanata, waachie wenye mahindi, maana inaonyesha tu unyevu uliozidi kama asilimia 15.

Usije pia ukaharakisha kwa kuanika kwenye turubai la plastiki juu ya udongo. Unene wa kahawa kichanjani usizidi sentimita 3 au 4, geuza kila saa, funika mchana jua likiwa kali siku za mwanzo ili ganda lisipasuke, funika usiku wote.

Na kama uliposoma hapa ulikuwa umeshafunga baadhi, fungua usiku huu huu. Tia mkono hadi katikati ya mfuko. Ukihisi joto au harufu ya uchachu, mfuko huo usiuchanganye na mingine hata kidogo, uanike peke yake na uuze peke yake, ukimwambia mnunuzi ilivyokuwa. Iliyo baridi na isiyo na harufu irudishe kichanjani alfajiri.