Maswali ya Wasomaji: Duke wa Sussex na Wafrimasoni

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Duke wa Sussex, mtoto wa Mfalme George III wa Uingereza, aliwaongoza Wafrimasoni (wanachama wa chama cha kindugu chenye taratibu za siri) wa nchi hiyo kwa takriban miaka 30. Je, alilitumikia taifa kwa lolote, au alipata wadhifa huo kwa ukoo tu?

JIBU: Ndugu msomaji, ukoo ulimsaidia sana, na hilo halina ubishi. Augustus Frederick, aliyezaliwa mwaka 1773, alikuwa mtoto wa kiume wa sita wa mfalme huyo. Mwaka 1813 yeye aliongoza mojawapo ya Loji Kuu mbili, yaani vyombo vikuu vya Wafrimasoni, zilizohasimiana kwa miongo mingi, na nduguye, Duke wa Kent, akaiongoza ile ya pili. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo zikaungana, naye akawa mkuu wa chama kizima hadi alipofariki. Chini ya uongozi wake, katiba iliyochapishwa mwaka 1815 iliweka wazi kwamba mtu asizuiwe kujiunga kwa sababu ya dini yake, maadamu anamwamini Mungu Muumba.

Mwaka 1830 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, akimshinda mwanafalaki John Herschel. Kwa maoni yangu, hapo cheo kilizidi elimu, ingawa alikuwa mpenzi wa kweli wa vitabu aliyekusanya zaidi ya 50,000.

Utumishi wake mkubwa ulikuwa katika Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza, ambako alitetea msimamo uleule wa kutomnyima mtu haki kwa ajili ya imani yake. Aliunga mkono Wakatoliki waruhusiwe kuingia bungeni, jambo ambalo baba yake aliliona kuwa ni kuvunja kiapo alichokula alipotawazwa, cha kulinda dini ya Kiprotestanti, na aliunga mkono pia kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, ilhali kaka yake, Duke wa Clarence, aliyekuja kuwa Mfalme William IV, aliitetea biashara hiyo waziwazi katika baraza hilohilo. Mtu anayepingana hivyo na jamaa zake hatafuti upendeleo wa ikulu, na kwa kweli kwa miaka mingi hakuupata.

Wakatoliki walifunguliwa Bunge mwaka 1829. Wayahudi, ambao pia aliwapigania, walisubiri hadi mwaka 1858, miaka 15 baada ya kifo chake, ndipo Lionel de Rothschild alipokubaliwa kukalia kiti alichochaguliwa na wapiga kura wa London.