DL-103 kwenye Technics: angalia amplifaya kwanza

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kama katriji (kichwa chenye sindano) ya Denon DL-103 itafaa kwenye gramafoni ya Technics SL-1200 aliyokuachia mzee, maana umeambiwa mkono wa gramafoni hiyo, ule unaobeba katriji, ni mwepesi mno. Usitishike. Uzito tendaji wa mkono huo (uzito ambao sindano huuhisi inapousogeza) ni takriban gramu 12. Ongeza katriji, gramu 8.5, na skrubu, unafika 21 hivi. Ulaini wa sindano, yaani jinsi inavyoyumba kwa urahisi, umeandikwa 5, lakini Wajapani huupima kwa hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde). Kwa hezi 10 ni karibu mara mbili. Zidisha 21 kwa 10, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo: hezi 11, ndiyo kasi ambayo mkono na sindano hupenda kutikisika pamoja. Tunataka 8 hadi 12, juu ya mtikisiko wa santuri iliyopinda (na hizi za rumba tunazookota soko la Owino zimepinda kweli kweli) na chini ya muziki wenyewe.

Mimi naogopea amplifaya. Katriji hiyo ni ya koili inayosogea, na hutoa milivolti 0.3 tu, na tundu la kawaida la santuri kwenye amplifaya linahitaji milivolti kadhaa. Bila kikuzaji cha katriji za aina hiyo, utasikia mvumo kuliko gitaa. Tafuta hicho kabla hujatoa pesa ya katriji. Ukishaifunga, mgandamizo wa sindano uwe gramu 2.5.