Kostiki imechemka bila moto

Shikamoo mama. Natengeneza batiki nyumbani, Kikuyu, Dodoma. Upepo ukizidi nahamia jikoni. Juzi nilikoroga kostiki soda, ile dawa kali ya kuchanganyia rangi, kwenye sufuria ya alumini, ikafoka yenyewe. Kwa nini?
Msomaji, Dodoma

Marahaba mwanangu. Kostiki hula alumini, na kinachofoka ni gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Nawe jiko la kuyeyushia nta liko hapohapo! Tumia ndoo ya plastiki ngumu. Tangulia maji ya baridi, kisha tia kostiki kidogo kidogo ukikoroga kwa mti. Ukimimina maji juu ya kostiki, huchemka ghafla na kukurukia. Vaa glovu ndefu za mpira na miwani ya kufunika macho. Ya jua haitoshi.

Rudi nje, huo upepo wetu ni msaada ukiupa mgongo. Kostiki ikikurukia, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika 20. Usipake limau wala siki, hizo waachie wapika kachumbari. Ikiingia jichoni, osha kwanza, kisha hospitali.

Nta ikiwaka, funika kwa mfuniko, usimwagie maji. Na kostiki usiihifadhi kwenye chupa ya soda, watoto hawaulizi.