Maswali ya wasomaji: Magoti ya mama na ngazi za Troyes

SWALI: Dada shikamoo. Mwezi wa tano nampeleka mama Ufaransa, tunashukia Paris halafu tunaenda Troyes siku tatu kumwona mdogo wangu anayesoma huko. Nimeona hoteli iko ndani ya nyumba za mbao za zamani zilizokarabatiwa, picha zinavutia kweli, ila mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nibuki hapo au nitafute ya kisasa tu karibu na stesheni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Buki hapo hapo kwenye mbao, ila usilipe hata senti kabla hujajua chumba chenyewe kiko wapi. Mimi nililala nyumba ya aina hiyo Troyes, nikapewa chumba cha juu kabisa chini ya paa, ngazi ni za kuzunguka, nyembamba, vidato vimelika katikati, begi nililibeba kifuani kama mtoto. Mama yako hapo asingefika.

Na usitegemee lifti. Mji ule uliungua vibaya mwaka 1524, watu wakajenga tena kwa mbao vilevile, wanasimamisha fremu ya magogo halafu katikati wanakandika udongo uliochanganywa na majani makavu, na kila ghorofa inatokeza mbele kuliko ya chini yake, ndo maana pale kwenye kichochoro cha Ruelle des Chats mapaa yamekaribiana hadi wanasema paka anaruka upande wa pili bila shida. Baadaye nyingi zilipigwa plasta kwa kuogopa moto, mbao zikaja kuonekana tena kwenye ukarabati. Sasa nyumba kama hizo zikiwa zinalindwa kisheria mwenye hoteli habomoi ukuta anavyotaka, hata kubadilisha dirisha anaomba kibali, seuze kuchimba shimo la lifti.

Kwa hiyo waandikie imeili mapema, omba chumba cha rez-de-chaussée, yaani chini usawa wa barabara. Uliza kama kuna ascenseur, ndo lifti hiyo, na uliza bafu lina shawa ya kuingia moja kwa moja au ni beseni la kuruka ukingo, maana hilo kwa magoti ni kubwa kuliko ngazi. Wakijibu kwa mkato uliza tena, ni haki yako.

Sakafu italia usiku, boriti ziko chini kidogo, mwambie mama ainamishe kichwa mlangoni. Lakini asubuhi akifungua dirisha akaona ua wa mawe na zile mbao zilizopinda kwa uzee, mwanangu wee, hoteli ya stesheni haina kitu hicho, na mimi bado naikumbuka harufu ya ile mbao.

Hela: taxe de séjour, yaani kodi ya mgeni anayelala mjini, wanatoza kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, mara nyingi unalipa hapo hapo juu ya bei uliyoona, na chai ya asubuhi nayo mara nyingi ni bei yake. Treni ya Troyes inatokea stesheni ya Gare de l'Est hapo Paris, kama saa moja na nusu hivi. Hoteli ndogo risepsheni haikeshi, mkichelewa ombeni namba ya siri ya kufungulia mlango kabla.

Halafu mkiona kibao cha Hôtel de Ville msiburute mabegi kuelekea huko, hiyo ni ofisi ya manispaa, na Hôtel-Dieu ilikuwa hospitali. Na kama mama hali nguruwe, andouillette inayosifiwa sana pale ni soseji ya matumbo ya nguruwe, mwagizie jibini ya Chaource na mkate, ni laini, inatengenezwa mkoa huo huo.